Kwa nini moshi uliopoa ni mgumu kuusafisha?

Je, wajua kwamba urea inayouzwa kwa mifuko ya kilo 50 kwenye maduka ya pembejeo ya Urambo na Kaliua ndiyo pia inayosafisha moshi wa malori mapya na mitambo ya umeme? Kwa lori huwa ni urea safi asilimia 32.5, iliyobaki maji, kipimo kinachochelewa zaidi kuganda kwa baridi (Tabora hilo halitusumbui). Ya mbolea usiitie: ina uchafu unaoziba sindano ya kunyunyizia.

Ndani ya moto mkali, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana kuwa oksidi za naitrojeni, gesi zinazowasha mapafu. Urea ikipata joto hutoa amonia, na amonia ikikutana na oksidi hizo juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), hutoka naitrojeni ya kawaida na mvuke.

Kichocheo kilichozoeleka, oksidi ya metali ya vanadi juu ya titania (oksidi ya titani), hutaka nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi. Kwenye mtambo wa makaa, joto hilo lipo kabla ya vichujio vya vumbi, mahali ambapo vumbi la jivu hukikwangua na kukiziba. Ukikihamishia nyuma ya vichujio, moshi umeshashuka hadi nyuzi 150 hivi, na vanadi imelala.

Oksidi ya manganisi, metali nyingine, huwa macho kwenye joto hilo la nyuzi 150, kwa kuwa hupokea na kuachia oksijeni kwa wepesi. Unga wa titania hulowekwa kwenye nitrati (chumvi zinazoyeyuka majini) za manganisi na metali ya seriamu, ukakaushwa kwa nyuzi 110, kisha ukachomwa kwa nyuzi 400 hadi 500. Ukizidisha moto, chembe hushikamana na vitundu vidogo ndani yake hufa. Wepesi huo wa kuachia oksijeni una gharama yake: moshi ukipanda joto, manganisi huanza kuiunguza amonia yenyewe.

Adui mkubwa ni salfa. Sehemu ya salfa ya kwenye moshi huungana na amonia na maji, ikawa chumvi inayoyeyuka kwa nyuzi 147: kwenye moshi wa nyuzi 150 hivi hubaki inanata kama ulimbo na kujaza vitundu. Gundi hiyo hutoka ukipasha kichocheo hadi nyuzi 350 au 400. Lakini manganisi iliyokwisha kugeuka salfati (chumvi yake na salfa) hairudi kwa joto hilo. Ndiyo kazi ya seriamu: huidaka salfa kwanza, manganisi ikapona kwa muda.

Halafu kuna moshi wa kuni, kama ule wa mabani ya tumbaku. Jivu la kuni lina potasiamu nyingi, ndiyo maana maji ya majivu huteleza mkononi. Potasiamu hukalia sehemu za kichocheo zenye asidi ambazo amonia ingeshika. Kuosha kwa maji huiondoa kwa sehemu kubwa, ila kichocheo kikiwa kimeshaonja salfa, pima kwanza: salfati ya manganisi nayo huyeyuka majini, na utaimwaga pamoja na uchafu.