Bei ya kambi ya jeshi si faida yake

Jeshi likipunguza askari, au likiwakusanya kwenye kambi chache kubwa, kwingine hubaki mahanga matupu ya kulala askari, bwalo, karakana na uwanja wa gwaride unaoendelea kufyekwa na kulindwa kwa fedha za umma. Ndipo husikika: ziuzwe. Wananchi huuliza kwanza zitauzwa shilingi ngapi. Sisi tunaofanya kazi ya uthamini wa mali za umma huanza na maswali mengine: nani atasafisha, na jeshi litahitaji nini kesho?

Kuchagua kambi ya kufunga nako kuna mvutano wake, maana kila mbunge anaunga mkono kubana matumizi ilimradi kambi ya jimboni kwake isiguswe. Marekani walipata njia. Tume huru iliandaa orodha ya mwisho, nayo ilikubaliwa yote au ilikataliwa yote. Hakukuwa na kuchomoa kambi moja moja. Awamu ya mwisho ya utaratibu huo ilikuwa mwaka 2005.

Kazi kubwa iko ardhini. Chukua uwanja wa kulenga shabaha: tuta linalozuia risasi limemeza vichwa vya risasi vya miongo kadhaa, na madini yake huingia udongoni taratibu. Matangi ya mafuta yaliyofukiwa huvuja bila dalili yoyote juu. Mapaa na mabomba ya mahanga ya zamani mara nyingi yana asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Pale walipofanyia mazoezi kikosi cha zimamoto, kemikali za povu hushuka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na hudumu humo miaka mingi. Halafu kuna mabomu yaliyorushwa yasilipuke. Kambi ya Fort Ord, huko California, Marekani, ilifungwa mwaka 1994. Sehemu yake iligeuzwa chuo kikuu mapema tu, lakini kwenye maeneo ya mazoezi ya silaha kazi ya kutafuta na kutegua mabomu iliendelea kwa miongo. Mnunuzi makini hulijua hilo na huliondoa kwenye bei anayotoa. Asiyelijua hurudi mahakamani baadaye, na mlipa kodi hulipa vilevile.

Hata palipo safi, haraka ina gharama. Mwaka 1996 serikali ya Uingereza iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikazipanga nyumba hizohizo ili askari waendelee kukaa humo. Matengenezo yalibaki mzigo wa wizara, wakati kupanda kwa thamani ya nyumba kulimnufaisha mnunuzi. Mwaka 2025 serikali ikanunua tena zaidi ya nyumba 36,000 kwa takriban pauni bilioni 6. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kuuza. Kosa lilikuwa kuuza kitu ambacho bado unakihitaji.

Kuna kinga moja ambayo watu hawaizungumzii sana: kipengele cha mgawo wa faida. Ardhi huuzwa kama kambi, kwa bei ya kambi. Mnunuzi akipata kibali cha kujenga maghorofa, thamani huruka. Mkataba unaweza kumlazimisha arudishe sehemu ya ongezeko hilo serikalini kwa kipindi kilichokubaliwa. Kisipoandikwa kabla ya kusaini, hakuna wa kumdai.

Wala si lazima kila kambi ipelekwe mnadani. Wanajeshi wa Ufaransa walipoondoka kwenye kambi ya Vauban, Freiburg, Ujerumani, mwaka 1992, manispaa ilinunua sehemu kubwa ya eneo, ikapima viwanja vidogovidogo na kuviuza kwa vikundi vya wananchi waliotaka kujenga pamoja. Baadhi ya mahanga hayakubomolewa. Yakawa makazi ya wanafunzi. Leo mtaa huo una wakazi zaidi ya 5,000.

Kwa hiyo tangazo la zabuni likitoka, omba kuona ripoti ya uchafuzi wa udongo na maji, na usome ni nani aliyetajwa kulipia usafishaji iwapo kitafukuliwa kitu baada ya hati kubadilishwa jina.