Kupiga besi kavu usiku kunakuharibia mkono wa kulia

Juzi tena. Kijana wa kwaya ananiambia: “Kaka, mwalimu kasema kama naogopa majirani nipige kavu tu, vidole ni vilevile.” Kavu, yaani gitaa la besi bila kulichomeka kwenye amplifaya. Ushauri huu umeshaniletea wanafunzi wengi waliokakamaa mkono wa kulia, na nimechoka kuulegeza mkono mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Majirani nawaelewa. Ukiwa umepanga chumba ambacho ukuta wake haujafika juu, besi inaingia kwa mwenzako hata ukipunguza sauti. Mlango na pazia havizuii sauti nzito. Lakini kati ya kuwasha amplifaya na kupiga kavu ipo njia ya tatu, nayo ni hedifoni, na haihitaji hela nyingi kama watu wanavyotishana.

Besi ya umeme haikutengenezwa isikike kavu. Fundi Mmarekani aitwaye Leo Fender alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, mwili wake ulikuwa ubao mzima, bila tumbo lenye uwazi kama la besi kubwa ya kusimama. Kazi ya sauti aliiachia amplifaya na pikapu, ile sumaku ya chini ya nyuzi inayogeuza mtetemo kuwa umeme. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi bila kukandamizwa hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na ubao ule hauwezi kusukuma hewa ya kutosha uisikie noti yenyewe. Kavu unasikia chuma tu: mkwaruzo wa kidole, uzi ukigonga freti (vile vyuma vilivyolala shingoni), visauti vya juujuu. Sasa anayetaka kujisikia anafanyaje? Anachuna kwa nguvu. Miezi ikipita, nguvu hiyo inakuwa ndiyo kipimo cha mkono wake. Jumapili anachomeka, noti ya kwanza inafyatuka, freti zinalia, fundi mitambo anamshusha, naye kwa kuwa hajisikii tena anazidi kuchuna.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kunyamazisha nyuzi, na hapa ndipo ushauri wa “vidole ni vilevile” unaponikera hasa. Nusu ya kazi ya mpiga besi ni nyuzi asizozipiga. Chomeka hedifoni ufanye hivi: piga A kwenye uzi wa E, freti ya 5, iache ilie kidogo, kisha uzime uzi huo kwa mkono wa kushoto bila kugusa mwingine. A bado ipo. Hiyo ni sauti ya uzi wa pili, uliokuwa wazi. Umeamka wenyewe, kwa sababu nao hutetemeka mara 55 kwa sekunde, sawasawa na noti uliyopiga. Sasa rudia huku ncha ya kidole cha kushoto ikiugusa A bila kuukandamiza. Kimya. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayotenganisha besi safi na besi yenye matope, na ukipiga kavu huioni kabisa. Unaweza kupiga kavu mwaka mzima ukiacha nyuzi tatu zinanguruma chini ya kila noti, na hakuna kitakachokuonya.

Urefu wa noti nao ni hivyohivyo. Kwenye rumba, noti inapokatwa ina uzito sawa na pale inapoanza. Ukichelewa kuikata unaifunika ngoma. Noti kavu hufa yenyewe mapema, kwa hiyo hujifunzi kuikata. Unadhani umeikata.

Vifaa nitavipitia haraka. Huwezi kuchomeka hedifoni moja kwa moja kwenye gitaa: umeme wa pikapu ni mdogo mno, unahitaji kitu cha kuukuza. Kama amplifaya yako ina tundu la hedifoni, kaikague kabla hujaenda dukani. Nyingi zinalo, na ukichomeka hedifoni, spika inajizima. Kama huna amplifaya, vipo vidude vinavyoingia kwenye jeki ya gitaa lenyewe, kama Vox amPlug ya besi, vinavyotumia betri mbili ndogo, hivyo hata umeme ukikatika unaendelea. Mwenye kompyuta atafute saundi kadi, kile kidude cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, yenye tundu la gitaa. Behringer UM2 inatosha, mradi ubonyeze kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, usisubiri sauti izunguke kwenye programu. Hela ikiwa ya kubana, punguza kwenye kidude, usipunguze kwenye hedifoni. Chukua zinazoziba sikio vizuri, kwa maana hewa ikivuja pembeni besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Na ukisikia sikio moja tu, usizirudishe dukani: umezichomeka kwenye tundu la mono, linalotoa sauti ya upande mmoja tu, unahitaji adapta ya mono kwenda stereo.

Bluetooth, hapana. Hedifoni za kawaida za bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125. Maana yake kidole kimeshafika noti inayofuata ndipo unasikia iliyotangulia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama spika yako iko mita 50 hadi 70 kutoka ulipoketi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi hivyo hujizoeza kutangulia ngoma, kisha mpiga ngoma ndiye anayelaumiwa.

Liko jambo ambalo sijalimaliza moyoni. Hedifoni zinapendeza kupita kiasi. Besi inakuja karibu, safi, imejaa, na ukumbini haiji hivyo. Inachanganyika na kuta na ngoma. Nimeona wanaojua hedifoni tu wakibabaika jukwaani, na sina uhakika dawa ni saa moja ya spika kwa wiki au zaidi. Wala sikatai kwamba kavu ina pahali pake: kukariri ngazi, kutafuta mahali pa noti shingoni. Dakika chache, basi.

Sauti yenyewe uipange kwa uangalifu, kwa sababu noti nzito hazikeri sikio upesi na mtu hupandisha bila kujijua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinashuka hadi 4. Wimbo unaoufuatilia ukiifunika besi, teremsha wimbo. Kabla ya kuanza, chuna uzi wa E kwa mguso mwepesi kabisa unaoweza kuutoa, kisha pandisha kitufe taratibu hadi uisikie noti hiyo vizuri. Hapo ndipo pa kuacha, na mkono ubaki kwenye mguso huohuo mpaka mwisho wa mazoezi.