Vijidudu vya tumboni na usomaji wa vinasaba: maswali yenu na majibu

Vijidudu si maradhi? Mbona siku hizi tunaambiwa tuvitunze?

Wengi ni wakaazi wa kudumu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonesha mtu mzima hubeba bakteria kiasi cha trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na wengi wamo kwenye utumbo mpana. Huvunja nyuzinyuzi za chakula tusizoziweza sisi, hutengeneza vitamini K, na huwanyima nafasi bakteria waharibifu.

Wataalamu wanawajuaje wote hao?

Zamani waliwaotesha maabara kwenye visahani. Njia hiyo bado inahitajika, lakini bakteria wengi wa utumboni hufa wakipata hewa, kwa hiyo hawaoti kirahisi. Sasa huchukuliwa choo kidogo tu, vinasaba vyote vilivyomo, yaani maelekezo ya urithi anayobeba kila kiumbe, vikatolewa na kusomwa kwa mashine, kisha kompyuta ikavilinganisha na vilivyokwisha kujulikana.

Kuna kusoma jeni moja tu, yaani kipande kimoja cha vinasaba, iitwayo 16S, ambayo bakteria wote wanayo kwa tofauti ndogondogo. Ni kama kumsikiliza mtu akizungumza: lafudhi itakwambia huyu wa Makunduchi, huyu Mtumbatu, huyu wa Micheweni, lakini haitakwambia amebeba nini mkobani. Kuna pia kusoma vinasaba vyote kwa pamoja. Hiyo ni ghali zaidi, ila ndiyo inayofichua mzigo wenyewe: jeni za sumu na jeni za usugu wa dawa, yaani zinazomfanya bakteria asiuawe na dawa. Zote mbili zina upungufu mmoja mkubwa, kwamba vinasaba vya bakteria aliyekufa navyo husomeka.

Sisi wa visiwani kipindupindu kimetusumbua sana. Elimu hii inatusaidia nini?

Sana. Bakteria wake, Vibrio cholerae, huishi kwa kawaida kwenye maji ya chumvi kidogo, na wengi wao hawaleti kipindupindu. Wa kuogopwa ni waliobeba jeni za sumu, na hao hutambulika kwa kusoma vinasaba.

Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosoma vinasaba vya sampuli zaidi ya 1,000 za bakteria huyu. Ulionesha kwamba tangu 1970 aina inayoleta milipuko imeingia Afrika angalau mara 11, ikitokea Asia. Kwangu mimi hili ni jambo zito, maana wako wanaoamini kwamba kipindupindu kimo baharini tu na hakina kinga. Kumbe kinasafiri na watu. Kinachosafiri na watu kinaweza kukatiwa njia kwa maji safi, vyoo, na chanjo ya kunywa kama ile iliyotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009.

Mtoto akiharisha, si bora nimnunulie antibayotiki mapema?

Hapana, mama, tafadhali usifanye hivyo. Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji antibayotiki. Dawa hiyo haichagui: inaua na wale wema. Wengi hurejea baada ya wiki chache, wengine huchukua miezi. Wanaobaki ni wale wenye usugu, na wanaweza kumpa bakteria jirani jeni hizo, hata akiwa wa aina nyingine kabisa. Hili limeonekana wazi zaidi tangu vinasaba vianze kusomwa.

Mpe maji ya ORS (yenye chumvi na sukari za pakiti), endelea kumnyonyesha, na mpe zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa hajatimiza miezi sita. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Ni chakula cha bakteria wake wema. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, au hawezi kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Watafiti wakija shehiani wakaomba choo cha mwanangu, nikubali?

Ni hiari yako. Pemba imezoea kazi hii. Maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Uliza kama kuna kibali cha kamati ya maadili, sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itatolewa nje ya nchi. Kwenye choo hutoka pia vinasaba kidogo vya mtoto mwenyewe, kwa hiyo uliza navyo vitafanywa nini. Ukikataa, mtoto hapotezi haki yake ya matibabu, na hata baada ya kukubali unaweza kujitoa.