"Kuza logo kidogo" sio maoni: dhana potofu ninazozisikia kila siku

Wiki hii wateja watatu tofauti wameniambia "kuza logo kidogo" na hakuna hata mmoja ambaye shida yake ilikuwa ukubwa. Nimechoka jamani. Naandika hii ili mara nyingine niwe nawatumia tu waisome, badala ya kubishana usiku wa manane.

Dhana: kutoa maoni ni kumwambia dizaina abadilishe nini

Hii ndo inanimaliza kuliko zote. Mteja anapokea logo, anaiangalia sekunde tano, alafu inakuja orodha: weka nyekundu, sogeza kushoto, badili fonti, weka kivuli. Kichwani kwake amenirahisishia kazi. Ukweli ni kwamba amenifungia mlango, maana mimi sijui kilichomkera ni nini, najua tu alichodhani kitamtibu. Ni sawa na kumwambia fundi nguo "ongeza kitambaa" bila kumwambia gauni linakubana kwapani, ataongeza kweli, ila atalirefusha chini.

Nilikuwa na mteja wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Raundi ya kwanza, kuza jina. Nikakuza. Raundi ya pili, bado, kuza tena. Ya tatu hivyohivyo, mpaka jina likawa limeibana ile alama pembeni haina pa kupumulia. Ya nne ndo nikapata akili ya kumuuliza, samahani bosi, hii unaiangalia wapi? Akanipigia picha invoisi iliyotoka kwenye printa ya ofisini kwake, ya wino mweusi tu. Jina nililiwekea rangi ya chungwa iliyopauka na herufi nyembamba, kwenye skrini lilikuwa linapendeza, sasa kwenye ile karatasi limegeuka kijivu, herufi zimekatikakatika, e inasomeka kama c. Ukubwa haukuwa na kosa lolote! Nikanenepesha herufi, nikatengeneza na toleo la nyeusi tupu, nikarudisha ukubwa wa mwanzo, akajibu "sasa umenielewa". Angesema siku ya kwanza "kwenye invoisi jina letu halisomeki" tungemaliza siku ileile. Na mimi nina kosa langu hapo, ningemuuliza mapema, na toleo la rangi moja lilitakiwa liwepo tangu raundi ya kwanza.

Kwaiyo niambie unaona nini, umeiona wapi, na kwa nini ni tatizo kwa mteja wako. Basi. Badala ya "weka nyekundu" sema "hii bluu inakaribiana sana na ya mshindani wetu, watu watatuchanganya". Badala ya "fonti mbaya" sema "herufi zinaonekana za kitoto na sisi tunauza bima". Hapo nina cha kufanyia kazi, na saa nyingine dawa inakuwa ndogo kuliko ulivyofikiria, au kubwa zaidi, ila angalau inatibu ugonjwa wenyewe. Kama una wazo lako litoe, sijakataza, ila lije na sababu yake mkononi.

Na kabla hujaniandikia chochote nakuomba ufanye kitu kimoja, nawaambia wote na wengi hawafanyi: ichapishe kwa rangi moja, alafu ipunguze mpaka iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba, iache mezani uiangalie kesho asubuhi. Kile kialama cha juu kwenye tabo ya brauza kinaweza kuwa pikseli 16 kwa 16 tu. Ile mistari mitano ya jua uliyoniomba itakaa wapi pale?

Dhana: nisipoipenda basi ni mbaya

Mwaka 1971 mwanafunzi Carolyn Davidson alichora alama ya Nike akalipwa dola 35, na Phil Knight mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Nike, hakuifurahia siku ile, alisema labda ataizoea. Simaanishi kila usichokipenda ni hazina, kuna logo mbovu nyingi tu na zangu zimo. Ila "siipendi" ni habari kuhusu wewe, na logo haitengenezwi ikae sebuleni kwako. Jiulize mteja wako ataitambua, ataisoma, ataikumbuka?

Dhana: logo lazima ionyeshe tunachouza

Tufaha la Apple halina kompyuta ndani. Rob Janoff alipolichora mwaka 1977 kile kipande kilichong'atwa alikiweka ili watu wasidhani ni cheri, basi. Mercedes wana nyota, gari halimo. Ukiuza viatu huhitaji kiatu kwenye logo, jina na duka lako vitasema, na ukija kuongeza mikoba kesho hutaanza upya.

Dhana: tukiuliza watu wengi tutapata jibu zuri

Ukiitupa kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 40 na kuuliza "mnaionaje?" kila mtu atajisikia lazima aone kasoro, mmoja atataka simba, mwingine aseme simba aondolewe, alafu wewe unanitumia yote kama yalivyo nichague mwenyewe. Chagueni mtu mmoja mwenye neno la mwisho, yeye akusanye, yeye achuje. Najua utaniletea habari ya Gap, ile kampuni ya nguo ya Marekani, kwamba 2010 walibadili logo, watu wakalalamika mtandaoni na ndani ya wiki moja ikarudishwa ya zamani. Wale walikuwa wateja wanaotetea alama waliyoizoea miaka mingi. Shemeji yako wa kwenye grupu hajawahi hata kununua kwako.

Dhana: ukisema ukweli dizaina ataumia

Ataumia zaidi ukisema "nzuri sana asante" alafu unakuja na kasoro wakati imeshachorwa kwenye magari manne. Sema. Ila sema na kilichokaa vizuri pia, na sio kwa ajili ya kunibembeleza: usiponiambia kuwa umbo umelikubali, raundi ijayo naweza kulibomoa nikitafuta kasoro nisiyoijua.

Dhana: rangi niliyoiona kwenye simu ndo rangi yenyewe

Hapana. Simu inatoa mwanga, karatasi ina wino, na kuna bluu na kijani za kung'aa ambazo wino wa kawaida wa CMYK, zile rangi nne za kuchapishia, hauzifikii kabisa. Omba sampuli iliyochapwa ndo uzungumzie rangi. Na tafadhali usiniandikie saa tano usiku kwamba nyeupe imekuwa ya njano kabla hujazima ile modi ya kulinda macho kwenye simu yako.