Akili mnemba darasani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila ninapokutana na walimu wenzangu hapa Dodoma, iwe kwenye semina au kwenye daladala ya kurudi nyumbani, mazungumzo yanaangukia kwenye akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde: programu kama ChatGPT, unaiuliza swali nayo inakuandikia jibu. Kuna anayeiogopa kama nyoka, na kuna anayeisifu kama dawa ya kila ugonjwa. Mimi nafundisha historia sekondari. Mengi ninayoyasikia pande zote mbili si kweli, na wanaoumia ni wanafunzi.

"Imeandika vizuri hivi, itakuwa kweli tu"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Nilitoa zoezi kuhusu mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza Kongwa mwaka 1947 na kuutelekeza mwaka 1951, baada ya kushindwa na uhaba wa mvua na udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Mwanafunzi mmoja akaniletea kazi safi kabisa aliyoandikiwa na programu ya aina hiyo, Kiingereza kimenyooka. Katikati yake imo sentensi hii: karanga za Kongwa zilisafirishwa kwa reli hadi bandari ya Mtwara.

Bandari ya Mtwara ipo. Reli ya kwenda Mtwara nayo ilijengwa kwa ajili ya mradi huohuo, ila ilitokea upande wa Nachingwea, kusini. Kongwa ilikuwa na tawi lake, lililoungana na Reli ya Kati pale Msagali. Kila kipande kilikuwa cha kweli, uongo ukawa kwenye kuviunganisha. Sikumgombeza. Nilitundika ramani ya Tanzania ubaoni, nikamwomba apitishe kidole kutoka Kongwa hadi Mtwara akifuata reli. Kidole kikasimama. "Mwalimu, sasa hii treni ilipita wapi?"

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, zikajua neno gani huelekea kufuata lipi. Hapo ndipo ufasaha wake unapotoka. Hata zile zinazotafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu huweza kuchanganya zilichokipata, na pale zisipojua, mara nyingi hazinyamazi. Hatari inazidi kwa mambo yetu ambayo hayajaandikwa sana. Niliwahi kuiomba moja methali za Kigogo, ikanipa tano papo hapo, pamoja na maana zake. Nikampelekea mama mkwe Chamwino, nikamsomea moja baada ya nyingine. Alisikiliza zote kwa heshima, kisha akasema, "Mwanangu, hiki si Kigogo."

"Kuna programu ya kuwanasa wanaonakili"

Mwalimu anabandika insha, programu inamwambia asilimia kadhaa imeandikwa na mashine, mtoto anapewa sifuri. Naomba wenzangu tuache kabisa. Kampuni ya OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kifaa chao cha ukaguzi Januari 2023. Katika majaribio yao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo.

Linalotugusa zaidi sisi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, pia wa mwaka 2023. Walichukua insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vifaa saba vya aina hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu ni kwamba anayejifunza lugha huandika kwa maneno machache na sentensi za kawaida, na vifaa hivyo huona ukawaida huo kama dalili ya mashine. Sasa mfikirie mtoto wa Mpwapwa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Huyo ndiye tutakayemwita mwizi.

Ninachofanya ni kumwita mezani kwangu dakika tatu, anieleze alichoandika. Pia nataka kuona daftari lenye rasimu ya kwanza, na mikato yake yote. Aliyefikiri mwenyewe hujulikana, hata kama anababaika.

"Tupige marufuku, yaishe"

Simu bwenini tayari hairuhusiwi kwenye shule nyingi. Likizo je? Mwanafunzi ataitumia akiwa peke yake, bila mtu wa kumwonyesha kosa la Mtwara. Umri ni suala jingine: mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 unapendekeza miaka 13 iwe kiwango cha chini cha kutumia zana hizi darasani. Kwa darasa la nne, basi, simu ibaki mkononi mwa mwalimu.

Na wanaosema hili ni la shule za mjini zenye maabara ya kompyuta, ramani niliyotumia mimi ni ya karatasi, na jibu la mashine nililiandika kwa chaki ili darasa zima lilikosoe.

"Ukiiwekea chochote, unajua wewe tu"

Hapa wanaokosea zaidi ni sisi walimu. Nimeona mtu akipiga picha orodha ya matokeo, ina majina kamili na maelezo ya nani ana ugonjwa gani, akaituma kwenye programu impangie wastani. Ulichotuma kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi nje ya nchi, na kinaweza kutumika kuifunza zaidi programu hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya ya mtu zimepewa uzito wa pekee ndani yake.

Nikihitaji msaada wa kupanga alama, naandika namba 1 hadi 52 na alama mbele yake, basi. Majina yanabaki kwenye daftari la mahudhurio, ndani ya droo yangu, na ufunguo ninao mimi.