RoboCop ya 2014 si mwendelezo

Kwenye vibanda vya video vya Dodoma, Majengo hadi Chang'ombe, na kwa vijana wanaotuwekea muvi kwenye flashi, RoboCop ya 2014 hunadiwa kama mwendelezo wa ile ya 1987. Si kweli. Mwendelezo ulitoka 1990 na mwingine 1993. Ya 2014 inaanza upya kabisa: Alex Murphy, polisi wa Detroit, anajeruhiwa vibaya, kampuni inamgeuza mashine.

Wanaolijua hilo nao husema basi ni ile ile, imepakwa rangi nyeusi tu. Hapa ndipo ninapobishana na watu sana. Katika ya 1987 Murphy anamiminiwa risasi, anaamka hajui hata jina lake, na muvi nzima ni mtu anayejitafuta. Mke na mtoto walishahama. Katika ya 2014 anaamka anajijua, na familia inamsubiri nyumbani. Anachoporwa ni uamuzi wake: mapambano yakianza, programu ndiyo inayomwendesha, huku ubongo wake ukiamini ni yeye anayeamua. Tazama pale Daktari Norton, yaani Gary Oldman, anapoamuru vyuma vya mwili wake vitolewe, Murphy akijiona kwenye kioo. Vimebaki kichwa, koo, mapafu yanayopanda na kushuka, moyo na kiganja cha kulia. Anaomba azimwe afe. Ukipeleka mbele ili uwahi risasi, umeikosa muvi yenyewe.

Dhana nyingine inaniumiza zaidi, maana inahusu watoto. Ya zamani huachwa ichezwe mbele yao kwa kuwa "ni ya roboti". Jamani! Mwongozaji wake, Paul Verhoeven, aliikata mara kadhaa ndipo ikaepuka daraja la X, yaani la watu wazima pekee, huko Marekani, na hata baada ya kukatwa bado tunaona kiganja cha Murphy kikisambaratishwa kwa bunduki. Mpya ndiyo iliyopewa PG-13, daraja linaloonya wazazi kuhusu watoto wa chini ya miaka 13. Mwenye kibanda anayejali aanze na hiyo, tena kwa vijana wakubwa.

Wapo pia wanaodhani lile limashine la miguu miwili katika ya 1987, ED-209, lilichorwa kwa kompyuta. Phil Tippett na wenzake walitumia mfano mdogo, wakiusogeza kidogo kidogo na kuupiga picha moja baada ya nyingine. Ndiyo maana linatembea kwa kushtuka-shtuka, na kwangu linatisha kuliko ndugu zake wa 2014.

Eti imerudiwa kwa kuwa Wamarekani wameishiwa hadithi? Verhoeven ni Mholanzi. José Padilha, aliyeongoza ya 2014, ni Mbrazili, na muvi yake ya Tropa de Elite, inayohusu polisi wa Rio de Janeiro, ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2008. Polisi mwenye silaha na wakubwa wanaomtuma ni mambo aliyoyashughulikia kabla Hollywood haijamwita.

Na kwamba RoboCop ya 2014 ilianguka sokoni, hapana: iligharimu takriban dola milioni 100, ikaingiza zaidi ya milioni 240, nyingi zikitoka nje ya Marekani.