DNS haisambai, acheni kuwaambia watu wasubiri masaa 48

Juzijuzi tena. Mama mmoja mwenye gesti hapa Mwanga, Kigoma, kanipigia, sauti imechoka kabisa, "mwanangu, imeili za wageni haziingii, fundi kaniambia nisubiri masaa arobaini na nane DNS isambae." Nikamuuliza mama, kakuambia lini? Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku tunaongea ni Jumatano, siku tisa zimepita. Watu wanaokuja Gombe kuangalia sokwe wanaandika kuomba vyumba hawajibiwi wanaenda kulala kwingine, na yeye amekaa anasubiri kitu kisambae. Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi mno hapa Kigoma tena kwa mafundi wenzangu wanaojua kazi, kwahiyo leo naandika.

DNS ni kitabu cha majina cha intaneti, ndo kinasema domeini (jina kama example.com) iko kwenye seva gani, na kila mstari wake unaitwa rekodi. Rekodi ya DNS haisambai. Ukibonyeza sevu kwenye paneli yako hakuna kinachotoka kwenda kwa mtu yeyote, mabadiliko yanakaa kwenye nemseva yako, yaani seva inayotunza rekodi zako, na yanakaa hapo hapo mpaka mtu aje kuuliza. Chukua bei ya dagaa. Mchuuzi wa Mwanga anashuka mwalo wa Kibirizi asubuhi, anauliza bei, anarudi nayo gengeni. Kesho yake boti zikiingia zimejaa bei inashuka kule mwaloni, ila hakuna anayepanda Mwanga na kipaza sauti kumtangazia, yeye anaendelea na bei aliyonayo kichwani mpaka atakapoenda kuuliza tena. Tofauti ni kwamba kwenye DNS wewe mwenye mwalo ndo unamwambia mchuuzi "jibu hili kaa nalo muda huu, ukiisha rudi uniulize". Huo muda ndo TTL, unaandikwa kwa sekunde, 300 ni dakika tano, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Mchuuzi ni risova, yaani seva inayouliza kwa niaba ya simu au kompyuta yako: ya mtandao wako wa simu, au 8.8.8.8 ya Google, au 1.1.1.1 ya Cloudflare.

Kwahiyo ukibadilisha rekodi ya A (inayotaja anwani ya seva) yenye TTL ya 3600, risova inayofuata utaratibu itakuwa na jibu jipya ndani ya saa moja. Ambayo haikuwahi kuuliza inapata jipya palepale. Masaa 48 yanatoka wapi hapo?

Yana chanzo chake, na hiki ndo kinaniudhi zaidi kwasababu watu wanaitaja namba bila kujua ni ya nini. Nenda kwenye seva za .com zenyewe, uliza NS (rekodi zinazotaja nemseva) za domeini yoyote kwa dig, amri ya kuuliza DNS:

dig @a.gtld-servers.net NS example.com

Angalia namba inayofuata jina. 172800. Gawanya kwa 3600 unapata 48. Ni TTL ya NS upande wa mzazi (hizo seva za .com), yaani inahusu ukibadilisha nemseva za domeini ya .com. Ukiongeza TXT ya SPF (maandishi yanayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma imeili zako), ukibadilisha MX (inayotaja seva ya kupokea imeili) au A, hiyo namba haikuhusu hata kidogo, kinachokuhusu ni TTL uliyoweka mwenyewe. Mtu anaongeza TXT saa nne asubuhi, anamwambia mteja arudi kesho kutwa, wakati alikosea jina la rekodi na angeliona kosa lake kwa kuuliza mara moja tu.

Kuuliza kwenyewe ni rahisi. Kwanza jua nani anajibu:

dig NS example.com +short

Halafu muulize huyo huyo moja kwa moja, weka @ na jina la nemseva uliyopewa hapo juu, kisha MX au A au TXT. Jibu likija na alama ya aa kwenye mstari wa flags ujue limetoka kwa mwenye data mwenyewe, na TTL yake haitapungua hata urudie mara kumi. Ukiuliza risova, kwa kawaida TTL inashuka kila unaporudia, ndo muda uliobaki kabla haijasahau. Windowsi tumia nslookup, simu ya Android weka Termux. Na usitumie dig ANY ukitegemea kuona kila kitu, seva nyingi siku hizi zinakupa kipande tu, uliza aina moja moja.

Sasa domeini ya mama. Alikuwa amehamishiwa hosting mpya, yaani kampuni nyingine ya kutunza tovuti na imeili. Niliuliza NS, zikaja za hosting ya zamani. Nikaziuliza MX, ikaja seva ya zamani ambayo ilishazimwa. Nikaingia paneli ya hosting mpya, nakuta yule dogo, fundi wake, kaandika MX safi kabisa, A safi, SPF safi, hakuna kosa hata moja, ila kaandika mahali ambapo hakuna mtu duniani anauliza! Ni kama kuandika bei mpya kwenye ubao wa genge lililofungwa. Angesubiri masaa 48, angesubiri mpaka masika, isingebadilika kitu. Na amri moja ya dig ingemwonyesha siku ileile.

Nieleze na hili maana linawapoteza hata wazoefu: DNS inakumbuka na "hakuna". Ukianza kucheki rekodi kabla hujaitengeneza, risova inaenda kuuliza, inaambiwa haipo, inalihifadhi jibu hilo. Muda wake unatoka kwenye SOA, rekodi ya maelezo ya domeini yenyewe, inachukuliwa ndogo kati ya TTL ya SOA yenyewe na namba ya mwisho ndani yake. Ndo maana zile tovuti za kucheki DNS zenye ramani ya dunia na tiki za kijani sizipendi, mtu anabonyeza kila dakika kabla hajamaliza kuandika rekodi, anazijaza risova zote jibu la "hakuna", halafu analalamika haijasambaa. Tengeneza kwanza, muulize mwenye data, ndo uende kwa wengine.

Kwenye TTL nako kuna mambo vitabu vinayapita haraka. Uliza 8.8.8.8 mara tatu mfululizo, unaweza kuona TTL ya 2900, halafu 1200, halafu 3600, kwasababu nyuma ya anwani hiyo kuna mashine nyingi na kila moja ina kumbukumbu yake. Kwahiyo dig yako kuonyesha jibu jipya haimaanishi mteja wa Ujiji kaliona. Kuna risova zinazoshikilia jibu kupita muda walioambiwa. Na ukibadilisha NS, kanuni inasema data ya mtoto (nemseva zako) ndo yenye uzito kuliko ya mzazi, lakini risova nyingine zinang'ang'ania ya mzazi. Kwahiyo nikibadilisha NS simpi mteja saa kamili, naacha nemseva za zamani na mpya zote zinajibu kitu kimoja kwa siku kadhaa. Nikihamisha seva nashusha TTL kuwa 300 mapema, na mapema maana yake ni kabla kwa muda wa TTL ya zamani, kama ilikuwa 86400 basi siku nzima kabla. Kushusha dakika tano kabla ya kuhama hakusaidii, wachuuzi tayari wana ile ya siku nzima kichwani.

Ya mama sikugusa NS siku hiyo. Nenosiri la paneli ya zamani lilikuwa kwenye daftari lake la mapato, nikaingia nikabadilisha MX na A hapohapo zinapoulizwa, TTL ilikuwa 3600, NS tukazihamisha wiki iliyofuata kwa utulivu. Kabla saa moja haijaisha imeili zikaanza kuingia, za zamani zikitangulia, maana seva inayotuma ikishindwa huwa inarudia kujaribu kwa siku nne tano hivi ndo inakata tamaa na kumrudishia mtumaji. Akanishukuru sana, halafu akaniuliza, "na zile za Jumatatu mpaka Ijumaa?" Ikabidi nimwambie mama, hizo zimesharudi kwa wenyewe.